DENI SI MSAADA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wakulima jirani, Mumias. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo bado laulizwa kila mahali watu wakaapo: sokoni, kwenye steji ya boda boda, na hata matangani. Swali lenyewe ni hili: "Zile fedha za korona ambazo Serikali ilisema itawapa wakulima, zilikwenda wapi?" Wengine wasema zililiwa. Wengine wasema hazikuwako kamwe. Wengine wasema walipata kitu, lakini hawajui walipewa kwa sababu gani. Sisi hatupendi kujibu swali kwa uvumi. Tumetazama yaliyotangazwa hadharani, tukapiga hesabu, na leo twaleta hesabu hiyo mbele yenu.

Huenda mtu akauliza, chama cha wafanya kazi kina habari gani na fedha za wakulima? Jibu ni rahisi. Hapa kwetu mfanya kazi na mkulima hawakai nyumba mbili. Fundi wa kiwandani ana eka moja au mbili za miwa nyumbani kwao. Mkataji miwa ni mtoto wa mkulima. Dereva wa trekta amejengewa na mama yake, na mama yake alijenga kwa fedha za miwa. Muwa usipolipwa, mwenye shamba hamlipi mpalilizi, mpalilizi halipi dukani, na mwenye duka hamlipii mtoto wake karo. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote.

HALI ILIVYOKUWA

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi, 2020. Shule zikafungwa mwezi ule ule, na tangu tarehe 27 Machi watu wakakatazwa kutoka nje kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Juni, 2021, amri kali zaidi ikaletwa kwa kaunti 13 za upande huu wa nchi, Kakamega ikiwa mojawapo. Wenzetu wa kwingine waliruhusiwa kutembea mpaka saa nne ya usiku, sisi tukafungiwa tangu saa moja. Mama auzaye ndizi na samaki jioni, wakati watu watokapo kazini, alijua maana ya saa zile tatu.

Lakini korona haikutukuta tukiwa wazima. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka wa 1973, na kwa miaka mingi hakikuwako kiwanda cha sukari kikubwa kuliko hicho katika nchi yetu. Mwezi wa Septemba, 2019, kiliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyeletwa na benki inayodai. Korona ilipofika, miezi sita baadaye, kusaga miwa kulikuwa kumesimama. Sukari ilianza kutoka tena mwaka wa 2022, baada ya kiwanda kukodishwa kwa Sarrai Group mwishoni mwa mwaka wa 2021. Katikati hapo wakulima wengi waling'oa miwa wakapanda mahindi, na wengine wakatafuta viwanda vya mbali. Kwa hiyo kila tusemapo habari ya msaada wa korona, tukumbuke ya kuwa uliletwa kwa watu ambao njaa yao ilianza kabla ya korona.

MAFUNGU MANNE YA FEDHA

Watu husema "fedha za korona" kana kwamba zilikuwa katika mfuko mmoja. Hapana. Zilikuwa na mafungu mbalimbali, na kila fungu lilikuwa na watu wake. Sisi tutataja manne yanayotuhusu.

La kwanza ni fedha za wazee na wasiojiweza. Tarehe 25 Machi, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Sh. bilioni 10 kwa ajili ya wazee, mayatima na wengine wenye shida. Mpango wa Inua Jamii ulikuwako tangu zamani: Sh. 2,000/- kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa jamaa zinazolea mayatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa. Walioandikwa walikuwa zaidi ya milioni 1 katika nchi nzima. Siku zile za kwanza za korona wakapokea Sh. 8,000/- kila mmoja. Wengi wakasema, "Serikali imetukumbuka." Ni kweli, zilifika wakati wa shida. Lakini pigeni hesabu: Sh. 2,000/- mara miezi 4, Januari mpaka Aprili, ni Sh. 8,000/-. Haki ya mzee ya miezi minne ililipwa kwa mara moja.

La pili ni kodi. Siku hiyo hiyo ya tarehe 25 Machi ilitangazwa kwamba mtu apataye mshahara usiozidi Sh. 24,000/- kwa mwezi asikatwe kodi ya mshahara. Jambo jema kabisa kwa mwenye karatasi ya mshahara. Lakini mkataji miwa alipwaye na kontrakta kwa kipimo, jioni, mkononi, hana karatasi. Hakuwa akikatwa kodi hiyo tangu mwanzo, basi hakuondolewa kitu.

La tatu ni fungu la pembejeo. Tarehe 23 Mei, 2020, ulitangazwa mpango wa Sh. bilioni 53.7 wa kuinua uchumi. Ndani yake zilikuwamo Sh. bilioni 3 za mbegu, mbolea na mahitaji mengine ya shamba, zipitie kwa vocha za simu, ziwafikie wakulima wadogo 200,000. Gawanyeni: ni Sh. 15,000/- kwa kila mkulima. Kwa mwenye eka moja, hiyo si fedha ya kudharau. Lakini hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba jamaa zinazolima katika Kenya ni zaidi ya milioni 6. Mkusanye majirani 30 wenye mashamba, na kwa hesabu hiyo vocha yatosha mmoja wao. Kwa hiyo yule asemaye "mimi sikuona kitu" hasemi uwongo, wala yule aliyeitangaza vocha hakusema uwongo. Vocha zilikuwa chache tangu siku ya kutangazwa.

La nne ndilo latuhusu sana sisi watu wa miwa. Tarehe 20 Oktoba, 2021, sikukuu ya Mashujaa, Rais alihutubia taifa huko Wang'uru, Kirinyaga. Siku ile ndipo alipoondoa amri ya kutotoka nje usiku. Na katika mpango mpya wa kuinua uchumi baada ya korona, sukari ikapewa Sh. bilioni 1.5: za kutengeneza mitambo ya viwanda, na za kulipa wakulima malimbikizo ya fedha zao.

Hapo ndipo tungependa kusimama kidogo.

DENI NI DENI

Malimbikizo ni nini? Mkulima wa miwa halimi kama mkulima wa sukuma wiki. Apanda leo, akata baada ya miezi 18, au hata 24. Mara nyingi kampuni humlimia kwa trekta, humpa mbegu na mbolea, na yote huandikwa makato. Miwa ikikomaa, hukatwa, hupakiwa, hupimwa mizani, na makato ya kukata na ya kubeba huongezwa juu ya yale ya kwanza. Kinachobaki ndicho chake. Tangu trekta lililobeba miwa litoke mizani, yule mkulima si muuzaji tu. Amekuwa mkopeshaji. Amekikopesha kiwanda jasho la miaka miwili, na dhamana hana. Benki ikikopesha hushika hati ya ardhi, au mitambo, au majengo. Mkulima ameshika kipande cha karatasi cha mizani. Ndiyo maana kampuni yo yote ya namna hiyo ikianguka, mwenye dhamana hutangulia kulipwa, na mkulima hukaa nyuma.

Tuchukue mfano, wala si habari ya mtu fulani. Mkulima amepeleka tani 40, kwa Sh. 3,500/- tani. Ni Sh. 140,000/-. Makato tuseme yamekula nusu, zimebaki Sh. 70,000/-. Angojea mwaka mmoja, miwili, mitatu, minne. Mtoto aliyekuwa darasa la sita amefika sekondari. Kisha siku moja simu yalia, Sh. 70,000/- zimeingia, na redioni yasemwa ya kuwa wakulima wamepewa msaada wa kujiinua baada ya korona.

Je, huo ni msaada? Mwaka wa 2022 mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50 ulifika kama Sh. 6,500/-. Zile Sh. 70,000/- zingenunua karibu mifuko 11 tu. Angalilipwa kwa wakati wake, kabla bei haijapanda, angalipata mifuko mingi kuliko hiyo. Kwa kweli amerudishiwa kilicho chake, nacho kimerudi kimekonda.

Wazee walisema, dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kusaidia. Sisi hatumlaumu aliyelipa. Kiwanda kikishindwa, na Serikali ikatoa fedha za umma ili mkulima alipwe, hilo ni jambo la kushukuriwa, na waliolipwa walifurahi, na sisi twafurahi pamoja nao. Tunachokataa ni jina tu. Na jina si jambo dogo, kwa sababu tatu.

Kwanza, deni likiitwa msaada, mdai hugeuka kuwa mwombaji. Mtu aliyekuja ofisini kudai haki yake aanza kusimama mlangoni kofia mkononi. Hauliza tena "mtanilipa lini?" Huuliza "mwaweza kunifikiria?"

Pili, fedha moja huhesabiwa mara mbili. Katika hesabu ya msaada yaandikwa: mkulima wa miwa amesaidiwa. Katika hesabu ya madeni yaandikwa: mkulima wa miwa amelipwa. Lakini hasara ya korona yenyewe, soko lililofungwa, gari lililokosa kupita usiku, ng'ombe aliyeuzwa kwa bei ya kutupa, hiyo haikulipwa na fungu hilo.

Tatu, asiyekuwa na deni la kulipwa huachwa nje kabisa. Mkataji hakuuza miwa. Mpalilizi hakuuza miwa. Mama mwenye kibanda cha chai karibu na mizani hakuuza miwa. Hao wote walikaa bila kazi viwanda vilipolala, lakini fungu la malimbikizo halikuwa na jina lao hata moja.

Vivyo hivyo tujifunze kutenga na mengine. Mwezi wa Januari, 2025, hapa Mumias wakulima wa miwa walilipwa bonasi. Bonasi ni jambo jema, na twaomba ije tena. Lakini bonasi hutokana na miwa ya sasa. Haifuti karatasi ya zamani iliyo chini ya godoro. Kila fedha na jina lake: mshahara ni mshahara, bei ni bei, bonasi ni bonasi, deni ni deni, msaada ni msaada.

MALI BILA DAFTARI

Sasa tujiulize na sisi wenyewe. Katika yale mafungu manne, waliopata walikuwa na kitu gani ambacho waliokosa hawakuwa nacho? Hawakuwa na shida zaidi. Walikuwa na jina katika daftari fulani. Mzee alikuwa katika daftari la Inua Jamii. Mwenye mshahara alikuwa katika daftari la mwajiri. Wa vocha alikuwa ameandikwa kama mkulima, na simu yake ikajulikana. Wa malimbikizo alikuwa katika vitabu vya kiwanda. Korona ilikuja ghafula, na Serikali yo yote, ikitaka kugawa fedha kwa haraka, hufungua daftari lililokwisha andikwa. Haianzi kuandika siku ya moto.

Basi msaada huuliza jina, na deni huuliza karatasi. Asiye na jina hakosi tu msaada, hata shida yake haihesabiwi. Asiye na karatasi hupoteza deni lake, hata kama kijiji kizima kiliona miwa yake ikibebwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tazameni sasa ni nani wasio na jina. Wa kwanza ni mkataji, tumekwisha msema. Wa pili ni mama wa nyumbani. Yeye ndiye alimaye na kupalilia, lakini shamba ni kwa jina la mume, au la babu aliyefariki zamani, na mkataba wa miwa umetiwa sahihi na mume. Na simu? Mara nyingi laini imeandikishwa kwa jina la mtoto aliye Nairobi. Fedha zikija, zapitia mikono mitatu kabla ya kufika kwake, na kila mkono una matumizi yake. Wa tatu ni kijana aliyekodi shamba. Amelima, ametia mbolea, lakini daftari lamjua mwenye ardhi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2023 machifu na wazee wa vijiji walipita wakiandika wakulima, ili wapate mbolea ya bei nafuu kwa ujumbe wa simu. Waliokubali kuandikwa walinunua mfuko kwa Sh. 3,500/-, na baadaye mwaka huo ukashushwa hata Sh. 2,500/-. Waliosema "hizo ni siasa" walinunua kwa bei ya duka. Hatusemi kila lililoandikwa lilikuwa sawa. Twasema, daftari likipita mlangoni kwako, usijifiche.

MAMBO YA KUFANYA

Mkutano bila kazi ni soga tu. Kwa hiyo chama chenu chapendekeza mambo haya.

Moja. Kila nyumba iwe na daftari la miwa. Andikeni tarehe ya kukata, nambari ya tiketi ya mizani, uzito, makato, na fedha iliyofika. Tiketi zenyewe zitieni katika mfuko wa nailoni, mbali na panya na moshi, na mtoe nakala. Mwenye shamba akifariki, watoto wasianze kutafuta chini ya kitanda.

Mbili. Wakataji na wapakiaji wadai kontrakta aandike majina yao, siku zao na malipo yao, na awape karatasi. Awaandikishe pia katika akiba ya uzeeni. Karatasi hiyo si ya kuombea sifa. Ndiyo itakayoonyesha, siku ya taabu, kwamba mtu huyu alikuwa na kazi na kazi imesimama.

Tatu. Akina mama wawe na kitambulisho na laini ya simu kwa jina lao wenyewe. Na katika kuandikisha shamba, jina la mke liwe kando ya jina la mume. Baba wa nyumba hatapungukiwa na kitu. Ng'ombe wa watu wawili halali nje.

Nne. Orodha ya kila msaada isomwe barazani, na ibandikwe ukutani kwa chifu kabla fedha hazijatoka. Jirani humjua jirani. Marehemu hawezi kupokea mbolea mbele ya wajane wake.

Tano. Tuulize kwa maandishi. Wengi hawajui ya kuwa iko sheria ya mwaka wa 2016 ya kupata habari, iliyotokana na kifungu cha 35 cha Katiba. Mwananchi aweza kuandika barua kwa ofisi ya umma, kwa Kiswahili, bila ya kulipa ada ya kuomba, na ofisi yapaswa kumjibu katika siku 21. Asiyejua kuandika, afisa yampasa kumsaidia. Akinyimwa, aweza kupeleka shauri lake kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile wengi waijuayo kwa jina la Ombudsman. Barua moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa yafaa kuliko manung'uniko mia ya kwenye steji.

Sita. Sisi kama chama tutadai jambo moja kwa Serikali ya taifa na ya kaunti: kwamba katika hesabu zao msaada uwe na mstari wake na deni liwe na mstari wake. Kikitokea tena kipindupindu, au ukame, au gonjwa ambalo jina lake hatujalisikia, mkulima asilipwe deni lake la zamani kisha akaambiwa amekwisha saidiwa. Na wakataji, wapalilizi na wapakiaji wawe na daftari lao kabla ya siku hiyo kufika. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, yasema Serikali itawapa hifadhi wale wasioweza kujikimu. Haikusema wale tu wenye miwa mizani.

Ndugu zetu, hatuwaahidi kwamba kila karatasi ya zamani italipwa. Mwenye kuwaahidi hivyo anataka kura, au anataka ada. Lakini twajua kwamba isiyo na karatasi haitalipwa kabisa. Kwa hiyo baada ya maneno haya msitawanyike upesi. Katibu ameketi pale mezani na daftari. Kila aliye na tiketi ya mizani ambayo haikulipwa na aje aandikishe nambari, mwaka na uzito, wala asiiache karatasi yenyewe, arudi nayo nyumbani. Wakataji wana meza yao upande wa pili, chini ya mwembe, na hapo jina la mtu latosha.

Akina mama waandikwe kwanza, kwa kuwa wana safari na jua linashuka.

Umoja ni nguvu.